Waligawana Diski Zako, Baba

Baba,

Shikamoo. Ni mimi Bhoke. Sijui kama huko uliko watu huamkiana, lakini nikianza bila shikamoo utaniuliza nimelelewa wapi.

Nina swali la kiufundi, na wewe ndiye pekee ambaye ungenijibu bila kunicheka. Au ungenicheka kwanza. Swali lenyewe nitalifikia. Kwanza nikwambie yaliyoipata seva yako.

Lile boksi la chuma chini ya meza ya studio, hapa Nkende, uliliacha limejaa. Tangu dhahabu ilipoanza kutoka kwa wingi, kila kijana aliyebahatika alitaka harusi yenye video, na waliokosa bahati tukawarekodia mazishi. Wote uliwaweka humo. Nilikuwa nikikwambia tufute za zamani, nawe unanijibu: "Mchimbaji hana kabati, Bhoke. Akisikia kwingine kumetema dhahabu, kesho kahama na begi moja. Kabati lake ni hili." Na kweli walirudi, simu zimeibwa, flashi zimepotea, wanaomba harusi zao upya.

Siku uliyofariki haikuwa imebaki nafasi hata ya picha moja. Mazishi yako niliyarekodi mwenyewe, yakabaki kwenye simu yangu. Hilo liliniuma kuliko nilivyotegemea. Wewe uliyemtafutia kila mtu pa kuwekwa, ndiye ukakosa.

Ile diski mpya uliyonunua Mwanza ili tuongeze nafasi ilikuwa bado kabatini, ndani ya nailoni yake. Nilijiambia matanga yakiisha nitaipachika. Matanga yalipoisha, ndugu zako wakakaa kugawana vitu vyako: koti, redio, baiskeli, kamera. Baba Mkubwa Chacha akaagiza boksi nalo lifunguliwe. Wakakuta diski nne zinazofanana, na wa kupewa tulikuwa wanne: yeye, Shangazi Ghati, Baba Mdogo Marwa na mimi. Baba, walifurahi. Mzee mmoja akasema marehemu alijua kupanga mambo yake, hata ugomvi hakuacha.

Mimi nilikuwa jikoni. Nilipoingia na sinia la chai nikawekewa diski yangu mkononi, na unajua kwetu mgawo ukishatajwa mbele ya wazee, binti hausimamishi. Nililia. Walidhani nakulilia wewe, na nilikuwa nakulilia wewe pia.

Kila mmoja aliondoka akiamini kapata robo ya harusi za Tarime. Ilhali wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba diski moja peke yake haisemi kitu. Nakumbuka ulivyoniambia: "Kila moja inabeba mzigo wake na kipande cha hesabu ya wenzake. Moja ikiondoka, waliobaki wanakaa chini, wanapiga hesabu alikuwa anasema nini. Mbili zikiondoka, funga duka."

Basi nikaanza kuzikusanya. Ya Baba Mkubwa ilikuwa chini ya godoro, imeviringishwa kwenye kitenge. Aliitoa upesi, kwa sababu alikuwa ameipeleka kwa fundi simu na haikuonyesha hata sura moja. Ya Shangazi niliifuata hadi kwake Manchira. Upepo wa bwawani ulikuwa unambamizia mlango, na yeye akaona kitu kile kizito kinafaa kuuzuia. Niliiokota sakafuni. "Si inafanya kazi?" akaniuliza, akakohoa kidogo, ndipo akacheka.

Baba Mdogo nilimkuta machimboni, amejaa vumbi la mawe hadi kwenye kope. Nilipoitaja diski akatazama pembeni.

"Bhoke, watu walisema kompyuta zina dhahabu ndani."

Aliivunja kwa nyundo, akaisaga pamoja na mawe yake, akaiosha kwa zebaki. Nilimuuliza kama alipata. Akasema alipata kitu, ila jicho halikukiona.

Nilitaka kukasirika nikashindwa. Kwa hiyo diski mpya, ile ya kuongeza nafasi, ikabidi ishike mahali pa aliyesagwa. Nilipachika zote, nikawasha. Ya Shangazi ililia, tik, tik, nikashika meza. Ikatulia. Kazi ya kuijaza ile mpya kwa hesabu ya zile tatu ilichukua kutwa nzima, umeme ukakatika, betri yako ikabeba. Baba Mdogo alikuja kushuhudia. Alikaa kwenye kigoda cha wateja, macho kwenye taa za kijani, na kila baada ya muda anasema, "Lakini niliisaga."

Ilipomaliza nilimfungulia harusi yake mwenyewe. Akajiona kijana, suti imemzidi, na sauti yako nyuma ya kamera: "Marwa, acha kunitazama mimi, mtazame mkeo."

Sasa swali langu. Hesabu naielewa: ukijua jumla, na ukawajua watatu, wa nne unampata. Lakini huyo wa nne anayepatikana hivyo ni yuleyule, au ni mwingine aliyefanana naye mpaka hakuna wa kuwatofautisha? Nimelizungusha kichwani wiki hizi zote. Nimelijaribu hata kwa ndugu zako, kwa kuwa nao wamebaki watatu. Kikohozi chako kabla ya kucheka kipo kwa Shangazi. Ubishi wako anao Baba Mkubwa. Na yule aliyevunja kitu kizima ili aone ndani kuna nini, huyo ni wewe kabisa. Nawajumlisha, Baba, na hutoki. Nimekukumbuka sana.

Nafasi nayo bado haikuwapo. Baba Mkubwa alipopata habari ya nyundo aliita kikao, wazee wakamtoza Baba Mdogo mbuzi. Nikaomba, kwa heshima zote, badala ya mbuzi atozwe diski. Walijadiliana muda mrefu, mmoja akauliza hiyo diski italiwaje. Mwisho wakakubali, kwa sharti ije na kreti la soda. Baba Mdogo alipanda basi la Mwanza mwenyewe. Aliporudi aliikabidhi kwa mikono miwili, na kabla sijaipachika akaomba nimwonyeshe inapoingia.

Sasa ziko tano. Mashine ilihamisha kila harusi na kila mazishi, ikayatandaza upya, na ilipotulia kulikuwa na nafasi mpya, tupu kabisa. Sikuruhusu harusi ya mtu yeyote itangulie. Nilichukua simu yangu, nikahamisha mazishi yako, nikayapa jina lako. Yamekaa katikati ya wachimbaji wako, hapo ulipowapangia mwenyewe. Picha inatikisika, utanisamehe.

Ndugu zako nimewaambia nikiondoka mimi, boksi wagombanie zima zima. Likijaa nitaongeza. Simfuti mtu.

Pumzika, Baba. Umepata pa kuwekwa.

Mwanao,
Bhoke