Salamu Niliyomnyima Fausta

Ilembo, Mpanda
Jumatatu

Mdogo wangu Bartolomeo,

Tumsifu Yesu Kristo. Nataka barua hii iwakute nyote hapo Kasansa mnapumua vizuri, wewe, shemeji Eufrazia na watoto, na goti lako liwe limeacha kukusumbua. Mpunga nao vipi, umebeba? Mimi ni mzima, meno ninayo kumi na tisa, na kwa mipini ya majembe bado hakuna fundi Mpanda nzima anayenifikia. Anayebisha aje.

Barua zangu huziandika mjukuu wetu Jeniffer. Hii nimeiandika kwa mkono wangu, tangu jana mchana, kwa sababu sitaki aisome. Simu nilikupigia mara tatu, nikaishia kukuuliza habari za mvua.

Ni habari ya mwanao Enoka na yule binti wa Specioza, Fausta, ambaye Enoka alitaka kumwoa. Uliniagiza nimchunguze kwa kuwa anakaa hatua hamsini tu kutoka kwangu. Nikakujibu kwamba kutoona kwake si neno, ila adabu hana: miaka miwili anapita mbele yangu, hajawahi kunisalimia. Ukoo mkanisikiliza, mkamkatalia Enoka. Nasikia sasa kijana hata kula na nyie hataki.

Sasa sikiliza. Hapa mtaani kuna Msukuma mmoja, Manyanda, aliyekuja na ng'ombe wake juzi juzi tu. Nilimdharau. Huyo kila asubuhi akimwona Fausta anapaza sauti toka mbali: Fausta, mwangaluka, ni mimi Manyanda! Binti anageuka, anacheka, anamuuliza mbona leo anaburuta miguu kama ng'ombe mwenye mimba. Kwa salamu hiyo hiyo mke wa Manyanda akamzoea, akamwingiza kwenye kikundi chao cha kina mama wanaochambua mchele. Leo mchele uliopita mikononi mwa Fausta hauna hata jiwe moja, wanamgombania. Nikamuuliza Manyanda anapata wapi maneno ya kusema na kipofu. Akanishangaa. Akasema, mzee, mtaje jina lake, na wewe ujitaje, basi.

Nikageuka, nikarudi nyumbani.

Mdogo wangu, nilikudanganya. Fausta alinisalimia. Walipohamia tu, alikuwa akisikia tezo yangu inachonga, anasimama, anapiga goti, anasema shikamoo baba. Sikuitika. Nilijiambia kwamba siku ya kwanza alinipita kimya, na mimi hata mwenyekiti wa mtaa hunisalimia yeye kwanza. Lakini hicho kilikuwa kiburi cha kufunikia tu. Niliogopa. Nikiitika atasimama tuongee, na nitaongea nini na mtu asiyeniona? Basi nikawa nikisikia fimbo yake inagonga njia, naisimamisha tezo hewani, nabana pumzi mpaka apite. Naye akaendelea kunisalimia karibu mwezi mzima, mpaka watoto wakaanza kumcheka kwamba anasalimia kiti. Siku hiyo ndiyo aliacha. Nilikuwa nimekaa pale pale, Bartolomeo, nikawaacha wacheke.

Jana baada ya misa nilimngoja njiani. Mimi niliyewahi kumfukuza fisi kwa mpini mtupu, nusura nikimbie. Nikasema, Fausta, hujambo mwanangu, ni mimi jirani yako Nestori. Akasimama, akageuza sikio, akapiga goti, akaniamkia vizuri sana. Kisha akaniuliza, karibu mzee, umehamia lini mtaa huu?

Sijui kama hakujua kweli au alikuwa ananipiga kijembe. Nikamwambia, nimehamia leo.

Waketishe ndugu tena wiki hii hii. Wasomee barua yangu yote, usiruke mahali. Waambie aliyekosa adabu ni mimi, na Enoka aruhusiwe kuja mwenyewe. Fausta hajajua bado nani alimharibia. Nitamwambia kwa mdomo wangu kabla Enoka hajafika, na akikataa kuingia kwenye ukoo wenye mtu kama mimi, sitabisha. Mimi, sitabisha! Mwambie hivyo na shemeji, maana najua hataamini.

Nisalimie wote hapo nyumbani, mmoja mmoja, kwa majina yao. Usimruke hata mtoto mchanga.

Ni mimi kaka yako,
Nestori