Mbwa Uliyemfunza Kungoja

Mpendwa Baba,

Mbwa wako atanimaliza. Naanza na hilo kwa sababu nakujua: ungekuwa hapa ungeuliza kwanza habari za Bosko, kisha za ng'ombe, kisha ndiyo unifikie mimi.

Unakumbuka lile gunia? Uwindaji ulipigwa marufuku hata sijazaliwa, lakini babu yako alikuwa amekurithisha kazi ya kufunza mbwa wa kuwinda, na wewe kuacha hukujua. Basi ukawa unafunza mbwa kuwinda gunia. Ulilijaza nyasi kavu, ukalisugua kwa ngozi ya sungura wetu wa kufugwa, na kulikokota ikawa kazi yangu. Nilikimbia nalo kwenye vumbi la Gatuanyaga, majirani wakinicheka, na huko nyuma mbwa ameketi anatetemeka kwa hamu, hatoki mpaka useme. Akilifikia, hang'ati. Anasimama juu yake, anakutazama wewe.

"Mbwa wa kukimbia ni wengi, Maitu," uliniambia. "Anayejua kungoja ndiye mbwa."

Maitu, yaani mama, kwa sababu nimebeba jina la mama yako. Hata ukinigombeza, ulinigombeza kwa heshima.

Bosko ndiye alikuwa wa mwisho, na ndiye uliyemfunza ukapitiliza. Hakugusa mfupa wa mtu mwingine. Hata chakula chake mwenyewe hakukigusa mpaka wewe useme "ria", kula. Ulijivunia sana. Wageni wakija unaweka nyama mbele ya mbwa, unaenda zako kuongea nao habari za mvua, na yeye udenda unamtiririka lakini hasogei. Sikuwahi kukusikia ukijiuliza siku wewe usipokuwepo itakuwaje. Ai, Baba.

Wakati wa matanga kila mtu alidhani mwingine amemlisha. Tulipokwisha kukuzika, watu wakatawanyika, ndipo Mama Njoki wa ng'ambo ya ua akanipigia simu. "Huyu mbwa wa mzee anakunywa maji tu. Njoo umwone, mbavu zote ziko nje."

Nikafunga cherehani yangu Ruiru, wateja wakilalamika sare za watoto hazijaisha, nikaja. Kesho yake nikaja tena. Nilimpikia ugali na omena, wale dagaa wadogo. Nilinunua matumbo pale Makongeni, nikayachemsha kwa jiko lako. Nilisema "ria" kwa upole, nikasema kwa ukali, nikasema kwa sauti nzito kama yako mpaka Mama Njoki akacheka akashika kiuno. Bosko ananitazama kwa adabu, analaza kichwa juu ya miguu, anatazama lango.

"Kati yako na huyu mbwa, nani amekonda zaidi?" Mama Njoki akaniuliza siku moja. Mimi nilikuwa naishi kwa chai, kwa sababu ukikaa peke yako mezani na sahani, tonge halipiti.

Nikajaribu simu. Kuna ule ujumbe wa sauti ulionitumia siku za mvua, unaniambia nisisahau dawa ya kupe, halafu katikati unamgeukia mbwa: "Ria, Bosko, ria." Nikaucheza. Baba, aliruka! Alizunguka nyumba, akaenda zizini, akaenda chooni, akasimama kaburini akanusa udongo. Kisha akarudi, akalala pale pale, na chakula hakukigusa. Sikuucheza tena. Sitaucheza tena.

Kamau akapiga simu. Unamjua mwanao, huruma yake huja na suluhisho la haraka. "Sis, huyo mbwa anateseka. Jumamosi nakuja na daktari wa mifugo, adungwe sindano alale. Ni heri hivyo." Na ukweli ni kwamba sikumpinga. Nilichoka. Nilisema sawa.

Jumamosi asubuhi nikawahi kabla yao ili nimpikie mara ya mwisho. Nikiwa nasonga ule ugali ndipo sauti ya marehemu Mama ikanijia, akikufokea: "Mwanaume mzima, mzee wa kanisa, unakula kwenye sufuria ya mbwa!" Ndiyo maana ulikuwa unamlisha huko nyuma ya ghala, mbali na macho yetu. Na ulimjibu Mama jibu moja maisha yako yote: kwenye windo anayeongoza ndiye anayeonja kwanza, mbwa akikutangulia kula, kesho atakutangulia kwa kila kitu.

Nikaichukua ile sufuria yenye kutu, nikaketi chini mavumbini mbele yake. Nikamega tonge, nikachovya kwenye omena, nikatia mdomoni. Halikuwa na chumvi. Nilitafuna, nikameza kwa nguvu, nikasukuma sufuria mbele.

"Ria, Bosko."

Alitazama lango. Alilitazama muda mrefu, Baba. Kisha akanitazama mimi, akainamisha kichwa, akala.

Kaburini sikulia, na shangazi zangu walinisema nina moyo wa jiwe. Pale mavumbini nililia mpaka kamasi. Kumbe hata mimi nilikuwa bado natazama lango. Kamau alipofika na daktari alitukuta hivyo, mimi natiririkwa na machozi, mbwa analamba sufuria. Alisimama tu, kofia mkononi. Daktari alikunywa chai akaenda zake.

Sasa Bosko anakaa nami Ruiru, analala chini ya cherehani, na mwenye ploti ninapopanga ananinunia. Siku ikiisha mgongo unauma, macho yanauma, natamani nijitupe kitandani na nguo zangu. Lakini kuna mtu ameketi mbele ya sufuria, udenda unamtiririka, hali mpaka mimi nile kwanza. Nitafanya nini? Namega tonge. Siku hizi natia chumvi kidogo, na tonge la kwanza likishapita, la pili huwa halinisumbui.

Kwa hivyo lala, Baba, usiwe na wasiwasi nasi. Tunakula.

Ni mimi binti yako,
Maitu