Baba Winny na Mrushaji wa Raundi ya Kwanza

Gesare, Baba Winny amepigwa! Kwa sababu ya besiboli ya simu!

Si unajua yeye na ndugu yangu Kipngeno wana timu moja kwenye ule mchezo wa simu, wa kuchagua wachezaji wa kweli kwa zamu, raundi kwa raundi? Walikubaliana raundi ya kwanza wachukue mpigaji mpira, si mrushaji, kwa sababu warushaji huumia mikono.

Kipngeno akaenda kukamua ng'ombe. Baba Winny akachagua mrushaji. Mrushaji, Gesare! Ametoka kupasuliwa kiwiko juzi!

Kipngeno kurudi, Baba Winny eti, "Shemeji, roho ilinituma."

Roho!

Kipngeno alimpiga na mtungi wa maziwa mara tatu, maziwa yakiwa ndani. Damu na maziwa hadi kwa kochi. Nilimfukuza Kipngeno na mwiko.

Tuko hospitali Kapkatet. Kiwiko cha Baba Winny kimevunjika. Analia, na bado ananiuliza kama raundi ya pili imeanza.