Kiu ya Mzee Osukuku

Shangazi mpendwa, nakuandikia kutoka Amukura, nisaidie kabla sijakosea zaidi, mimi ni mke wa Odeke na mimba zangu mbili zimeshaharibika, nina ugonjwa wa sukari, daktari alinipa vidonge vya sukari na kuniambia nipunguze mwili, nami kwa haraka zangu nikanunua kwa mchuuzi wa Malaba vidonge vingine vya kukata njaa, nikapungua kweli, halafu siku zangu zikakoma na sasa nina mimba, na Shangazi, jinsi ninavyomtamani mtoto huyu siwezi kueleza, nikiona nepi zimeanikwa kwa jirani nasimama tu nikizitazama. Mama mkwe wangu, Adeke, alisema dawa inayoyeyusha mtu mzima itamyeyusha na mtoto, nikaacha zote, za daktari na za mchuuzi. Tangu hapo nina kiu isiyoisha, namaliza mtungi na kwenda haja ndogo usiku kucha, naye mama anafurahi, ananiambia, "Hii kiu si yako. Ni mzee wangu Osukuku anarudi, yeye alikuwa hatoki kwa chungu ya pombe," na jina la huyo marehemu mumewe ameshampa mtoto. Nami naamini kwa sababu nataka kuamini. Hospitali naogopa, wasije wakasema mimba itolewe. Nifanye nini?

Mwenye Hamu

Dada yangu Mwenye Hamu,

Nimekuhurumia, na umenikasirisha pia. Marehemu mzee Osukuku hahusiki na kiu hiyo. Sukari imepanda kwa sababu uliacha dawa, na ikipanda hivyo inaweza kukuua wewe na mtoto. Mama mkwe wako anakupenda, ila amechanganya mambo. Vile vya Malaba visirudi mdomoni mwako kabisa, hata hujui vimetengenezwa na nini. Lakini sukari ni lazima itibiwe, na zaidi ukiwa na mimba.

Usianze tena vidonge vya sukari kwa kukisia. Ukimaliza kusoma haya, vaa viatu uende hospitali leo, Odeke akusindikize. Beba vidonge vya aina zote mbili na useme kila kitu, hata vile vya mchuuzi. Huenda daktari akakupa sindano za insulini, ndizo wajawazito wengi wenye sukari hutumia. Utachomwa kila siku na utazichoka. Vumilia.

Unaogopa wataitoa mimba. Mwambie daktari unavyomtamani mtoto huyu, kwa maneno yale yale uliyoniambia mimi, na umwombe akusaidie kumlea tumboni. Kukaa nyumbani ukinywa maji hakumlindi. Wewe unataka azaliwe. Mimi nataka akizaliwa akukute.

Shangazi