Gitaa la Pacha Wangu Linashikwa na Nani?

Mama Bolumbu mpendwa, nakuandikia, nisaidie, maana mume wangu ananicheka na mchungaji kaniambia niombe tu.

Napiga gitaa la besi katika bendi moja hapa Ngiri-Ngiri, na gitaa lenyewe lilikuwa la pacha wangu, yeye Nsimba aliyetangulia kuzaliwa, mimi Nzuzi niliyemfuata, na jina lake unajua Mama kwa lugha yetu linatokana na "simba", yaani shika, basi alipofariki mwaka jana tukamaliza matanga nikalichukua, nikalisafisha huku nalia, mkanda nikaufua, hata vile vipira viwili vichafu alivyokata kwenye ndala na kuvibandika kwenye vifungo vya mkanda nikavitoa, nikavitia kwenye kopo la nyuzi zake, maana sikuweza kutupa chochote chake.

Jumapili yangu ya kwanza jukwaani, sebene, kile kipande cha magitaa cha kuchezesha watu, imekolea, watu wote wamesimama, mara mkanda ukachomoka, gitaa hilo linakwenda chini, na sijui nilifanyaje Mama, goti lilipanda lenyewe, mkono wa kushoto ukabaki kwenye nyuzi, hata noti moja haikupotea, na Papy, atalaku wetu anayechochea wachezaji kwa kelele, akapaza sauti, "Simba! Simba! Shika, usiachie!" Watu wakadhani ni dansi mpya, uwanja mzima ukainua goti na kuitikia "Simba!", nami nikasikia kaka yangu anaitwa, nikahisi kabisa mkono chini ya gitaa.

Tangu hapo limeponyoka mara nne, na mara nne limeshikwa. Sasa kiongozi wetu ananiambia, "Dada Nzuzi, kwenye onyesho letu la Bandal utaliachia makusudi, watu wanakuja kwa ajili ya hilo tu." Mume wangu anasema, "Siku likipasuka utamlilia Nsimba mara ya pili." Mama, nikiukaza mkanda si nitakuwa namfukuza kaka yangu? Na nisipoukaza, je, siku moja asiposhika?

Nzuzi, Ngiri-Ngiri

Nzuzi binti yangu, pole sana. Mimi sikucheki. Jumapili moja nilikuwepo hapo uwanjani, nikainua goti na unene wangu huu, nikaliona gitaa likiponyoka na kusita mapajani pako bila muziki kukatika. Sijawahi kuona kitu kama kile.

Lakini nitakugombeza. Umeandika "vipira viwili vichafu" ukapita zako. Vichafu! Mimi nimeishi na mpiga gitaa miaka ishirini na sita, nisikilize. Tundu la ngozi mwishoni mwa mkanda huchakaa likapanuka, ukicheza kidogo tu mkanda unachomoka kwenye kifungo. Ndiyo maana mpigaji mwenye akili hukata kipande cha ndala, hukitoboa tundu dogo, na mkanda ukishaingia kwenye kifungo hukisukuma juu yake mpaka kidole kinauma. Ngozi haitoki tena. Hebu niambie, Nsimba alicheza na gitaa hilo miaka mingapi, akiruka, akiinama, na uliliona likianguka hata mara moja?

Basi leo hii fungua kopo. Mkanda kwanza, kipira juu yake, pande zote mbili. Kaza skrubu za vifungo, na inayozunguka bure itoe, tia kijiti cha kiberiti chenye gundi kwenye tundu, uirudishe. Kisha simama karibu na godoro, uuvute mkanda kwa nguvu zako zote. Kiongozi wako mwambie hivi: "Goti nitainua, gitaa siachii." Papy atapiga kelele zake, watu watacheza vilevile, wala hawatajua.

Na ule mkono uliouhisi? Siwezi kukubishia, nami niliuona muujiza kwa macho yangu. Ila vile vipira Nsimba alivikata kwa kisu chake, akavibana kwa vidole vyake, vikalishika gitaa lile siku zote hizo. Mkono wake ndio huo, mwanangu, na wewe ndiye uliyeutia kwenye kopo. Nenda kautoe.