Kopo ya Ngalula ku Musumari

Mujukuu wangu Kabeya,

Jambo sana kule Kinshasa. Huku Kolwezi tuko. Shangazi yako ameolewa Likasi, nimebaki na kuku tu.

Unasema kazi yako ni kuhesabia serikali batu benye kujifunza kazi, na unaniuliza: wakati wa Zaïre, mulijuaka namna gani nani ameacha?

Mu Musonoi, pale nilijifunza kushona, kila mama alitundikaka kopo yake ya chai ku musumari. Mwenye kuacha alibebaka yake. Kila mwisho wa mwezi mwalimu wetu alihesabu makopo, akapeleka hesabu ku biro ya wakubwa.

Rafiki yangu Ngalula akafuata bwana yake kule Dilolo. Kopo akaiacha. Mwalimu akanyoosha mukono aiondoe.

"Mama, acha," nikasema. "Atarudia."

"Nani amekuambia?"

"Hakuna. Lakini mi naipangusaka vumbi kila asubuyi."

Akaniangalia, kisha akaihesabu.

Ngalula hakurudia. Wewe wa masomo utasema ile hesabu ilikuwa ya uongo. Mi sijui. Mutu mwenye kungojewa, ameacha?

Kopo yako ya kijani ingali ku musumari, pa mulango ya jikoni. Leo asubuyi nimeipangusa.

Ni mi, kaku wako