Karanga za Mwisho za Dada Yako

Gorong'a,
Tarime, Mara.
Jumapili, 15 Juni 2025

Mpendwa shemeji yangu Gati,

Habari za Songea na hiyo baridi yenu? Nyonga inaendeleaje? Mwanao Rubeni aliniambia umeanza kutembea na fimbo moja, unafika bombani, unapumzika, unarudi. Nilifurahi sana. Usiwe na haraka, mifupa ya umri wetu haipendi kusukumwa. Na mzee wako Joel, kile kikohozi kimemwacha?

Mimi nipo. Naamka, nalala, zaidi ya hapo usiniulize sana. Ng'ombe wazima. Mahindi mwaka huu si haba, mvua haikutunyima. Kila kitu hapa kimestawi isipokuwa mimi.

Ningepiga simu, lakini unajua tunavyofanya. Nikitaja jina la dada yako Wegesa sauti inakatika, wewe nawe unaanza kulia, salio linaisha sote tumenyamaza. Bora niandike. Karatasi inanivumilia.

Kwanza, acha kujilaumu kwamba hukumzika dada yako. Mtu aliyetoka kuwekewa vyuma kwenye nyonga hapandi basi kutoka Songea mpaka huku. Tulimzika vizuri, pembeni ya mama yangu, pale alipopataka mwenyewe. Watu walijaa mpaka wengine wakakaa kwenye zizi. Kiharusi hakikumtesa, shemeji. Alianguka asubuhi akitoka kukamua, na jioni alikuwa ameshaondoka.

Sasa nikueleze jambo la karanga, maana hakuna mwingine atakayenielewa.

Matanga yalipokwisha na watu wakatawanyika, niliingia jikoni kutafuta chumvi. Nyuma ya debe la unga nikakuta kopo la karanga za kusaga, lile la plastiki lenye mfuniko mwekundu, limefungwa kwa kipande cha kitenge vile dada yako alivyokuwa anafunga vitu vya safari. Nikalijua. Lilikuwa kopo la Winfrida. Kila akija likizo mama yake humsagia, na hii miaka ya karibuni kila akiondoka huliacha mezani. Eti lina mafuta mengi. Eti ana hesabu zake za kalori kwenye simu, na kijiko kimoja tu cha karanga ni karibu kalori mia. Januari alipoondoka kwenda Mwanza aliliacha tena. Wegesa akalichukua tena. Kumbe alilificha, nadhani alitumaini mtoto atabadili mawazo Pasaka.

Sikumwambia Winfrida. Nilikifungua kile kitenge nikakitia mfukoni. Nilijiambia, huyu mtoto amebeba ya kutosha.

Kuanzia hapo hilo kopo ndilo lililokuwa linanilisha. Chakula kingine kilikuwa hakipiti, shemeji, nilikuwa natafuna ugali kama natafuna pamba. Lakini nikipaka karanga kidogo juu ya kiazi kitamu, kinashuka. Unakumbuka alivyokuwa anazikaanga kwa moto wa magunzi, polepole, huku anatugombeza tusimwongeleshe? Ule moshi upo mle ndani. Nilikuwa nachota kidogo sana, na sikukoroga. Mafuta yakapanda juu yakatulia. Yeye alikuwa analilaza kopo kichwa chini usiku kucha ili yarudi. Mimi nililiacha, nikitaka likae vile mkono wake ulivyoliacha.

Winfrida naye alikataa kurudi Mwanza. Aliomba likizo bila malipo ili akae na mimi. Usifikiri sishukuru. Lakini nilipopelekwa kliniki ya presha kule Bomani na kuambiwa presha iko juu na nipunguze uzito, weee! Hapo ndipo nilipojua nimezaa mwanajeshi. Akanunua mzani mdogo, akauweka mezani. Kiazi kinapimwa. Ugali unapimwa. Kipande cha nyama kinapimwa, na mwenye ng'ombe ni mimi! Jirani yangu Mogesi alikuja akatazama, akasema, akiniita kijana kwa Kikurya, "Mura, huyu binti anakupima kama dhahabu ya Matongo." Nilicheka siku hiyo. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba.

Mafuta ndiyo aliyoyachukia kuliko vyote. Mboga zinachemshwa tu na maji, hazina hata harufu ya mboga. Ngozi ya kuku inaenda kwa mbwa. Mbwa amenenepa, mimi nakonda. Nilivumilia, kwa sababu niliona macho yake. Mama yake alikuwa mnene, unajua, na alipenda karanga, na ameondoka kwa kiharusi. Mtoto alikuwa ameziunganisha hizo habari tatu zikawa moja. Hakusema, lakini kila alipoona kijiko changu kinaingia kwenye kopo alikuwa anageuza uso.

Mwezi uliopita nilitoka mnadani nikakaa mezani na kiazi changu. Nafungua kopo, nakuta pakavu. Yale mafuta yote yaliyokuwa yamesimama juu hayapo. Kijiko kikagonga kama kimegonga udongo wa kichuguu. Nikamwita. Akaniambia taratibu, kama nesi, kwamba ameyamwaga ili nipate karanga bila mafuta, na kalori zipungue. Ameyamwaga wapi? Nyuma ya jiko.

Nilikwenda nyuma ya jiko. Udongo ulikuwa umeyanywa, na sisimizi wamejaa pale, mstari mrefu unatoka kwenye ukuta. Nikasimama nikiwatazama wanavyobeba karanga za mke wangu. Shemeji, pale kaburini sikulia, wanaume walikuwa wananitazama. Nililia nyuma ya jiko, kwa sababu ya sisimizi.

Halafu nikarudi ndani nikafoka. Nilimwambia kwamba angenipiga fimbo ingekuwa nafuu. Sikumtaja mama yake wala lile kopo lilikotoka, hilo nilijizuia. Na yeye, mpole wa siku zote, akanipigia kelele. "Tata, sitaki kukuzika na wewe! Nimebaki na wewe tu!" Akakaa chini kwenye sakafu, mtu mzima, akalia kama alipokuwa mdogo. Sikujua la kufanya na mikono yangu. Nikamletea maji.

Wiki iliyofuata ilikuwa siku yangu ya kliniki, tukaenda wote. Yupo muuguzi pale anaitwa Samira, binti wa yule fundi cherehani wa karibu na stendi. Winfrida akamweleza yote, anajitetea, simu mkononi. Samira akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza, mafuta ya karanga nani alimwambia ayamwage? Kasema hayo ni mafuta mazuri, hayana ubaya na moyo, yanamfanya mtu ashibe asidokoedokoe. Kinachotakiwa ni kipimo tu, kijiko kimoja kilichosawazishwa, kwa sababu kweli kalori zake ni nyingi, usile kopo zima umekaa. Akanigeukia mimi, akataka kujua chai yangu naitia sukari kiasi gani. Nikatazama dirishani. Wakacheka wawili hao, na mimi nikaonekana mwizi.

Kisha Winfrida akauliza kama karanga ndizo zilizomuua mama yake. Aliuliza kwa sauti ndogo sana. Samira akaacha kucheka. Akasema hapana, ilikuwa presha, na dada yako, aliyekuwa anatibiwa pale pale, alikuwa ameacha kumeza dawa zake akiona amepona. Hilo nililijua, nilimsema sana, akawa ananiambia mimi si daktari. Winfrida alikuwa halijui. Njia nzima ya kurudi amekaa nyuma yangu kwenye bodaboda, nasikia tu kichwa chake kimeegemea mgongo wangu.

Kesho yake alitoa karanga zilizobaki kwenye gunia, akazikaanga, akazipepeta, akazitwanga, akakaa kwenye jiwe la mama yake akasaga mpaka mafuta yakatoka. Mikono ilimchubuka, kazi hiyo hajaizoea. Akaniletea kwenye bakuli. Nikaonja nikasema ni tamu. Akaonja naye, akaweka kijiko chini. Karanga ni zile zile, shemeji, jiwe ni lile lile. Lakini si zenyewe. Wala hatukuhitaji kuambiana.

Alitaka kulainisha zile kavu kwa mafuta ya dukani, nikamkataza. Nilikuwa nazikwangua tu hivyo hivyo, nazilowesha mdomoni.

Jana zilikuwa zimebaki chini kabisa, kama kijiko kimoja. Nikamwita Winfrida akae mezani, nikamsogezea kopo, nikamwambia hizi ni zako. Akakataa. Nikamwambia sijamuuliza. Mkono wake ukaenda kwenye mzani, umeshazoea, basi nikavua kofia nikaufunika mzani. Akakwangua. Hakusawazisha kijiko. Akaweka mdomoni akafumba macho, akatafuna muda mrefu, zile karanga kavu zinakataa kushuka.

Alipoweza kusema, akaniambia, "Tata, hili ndilo kopo nililoliacha."

Alijua, shemeji. Alilijua tangu siku ya kwanza aliponiona nalo mezani, kwa mfuniko wake. Miezi yote hii mimi namficha, na yeye ananificha kwamba anajua. Nikatoa kile kipande cha kitenge mfukoni nikampa. Akakifunga mkononi, akakaza fundo kwa meno, vile vile kama mama yake.

Anarudi Mwanza mwisho wa mwezi. Nimemruhusu. Mimi nimemuahidi kijiko kimoja kilichosawazishwa cha karanga alizosaga yeye, na chai bila sukari. Kuhusu sukari, niombee.

Nisalimie sana mzee wako Joel, mwambie bado namdai mchezo wa bao. Nisalimie Rubeni na mkewe na yule mjukuu mnayesema ana masikio yangu, maskini. Mogesi anakusalimu. Winfrida yupo hapa anachambua mboga, anasema shikamoo mama mdogo.

Mungu aiunge hiyo nyonga, akupe hatua zisizo na maumivu, akulete huku ukiwa unatembea mwenyewe. Ukija, usiniletee karanga, za dukani wala za Songea. Njoo tu. Wewe hukumuona dada yako mara ya mwisho, kwa hiyo lile kopo sijaliosha. Nimelifunga mfuniko, nimelirudisha nyuma ya debe la unga. Mimi na Winfrida tumeshapata fungu letu, hatulifungui tena. Ile harufu iliyobaki ni yako.

Ni mimi shemeji yako, nikupendaye siku zote,

Werema